Safari ya wanafunzi 38 kutoka Mwanza kwenda Ziwa Kivu nchini Rwanda: yale ambayo hayaonekani kwenye picha

Ndugu wanajukwaa,

Tangu tuliporudi nimeulizwa maswali yaleyale na vikundi vitatu vya wanafunzi vinavyokusudia kufanya safari kama yetu, nami nimeona afadhali niyajibu hapa mara moja kuliko kumrudia kila mtu kwa simu. Mimi nilikuwa katibu wa msafara. Tulikuwa wanafunzi 38 wa jiografia na mazingira, walimu wawili, madereva wawili na utingo mmoja. Chuo sitakitaja, kwa sababu ninayoyaandika ni maoni yangu.

Nianze na ubishi uliotokea kabla ya safari, maana ndio ulioamua kila kitu kilichofuata. Kamati yetu ilikuwa imepanga kupita Kigali, Musanze, Rubavu, Karongi na Rusizi, kila mji usiku mmoja, na tayari watu walikuwa wamekwisha kuagiza fulana za msafara zenye majina ya miji yote mitano mgongoni. Mwalimu wetu wa somo la maziwa alisikiliza ratiba hiyo mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mnakwenda kuliona ziwa, au mnakwenda kulipita?" Akafuta Rusizi na Musanze kwa kalamu nyekundu, akaandika Karongi usiku mbili, na Rubavu usiku mmoja. Wengi tulinuna, na fulana zilibaki na majina ya miji ambayo hatukulala. Leo nakiri kwamba alikuwa sahihi, na sehemu kubwa ya uzi huu ni maelezo ya kwa nini.

Kijana aliyekulia Mwanza haoni ajabu kuambiwa anakwenda kutazama ziwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na Kivu lina kama 2,700 tu, kwa hiyo ndani ya Victoria ungeweza kuingiza Kivu 25 na nafasi ikabaki. Ndivyo tulivyokuwa tukitaniana ndani ya basi. Ila hesabu ya kina inageuka kabisa: mahali penye kina kirefu zaidi Victoria hapazidi sana mita 80, ilhali Kivu linakwenda chini karibu mita 480. Victoria ni sinia. Kivu ni mtungi mwembamba uliojazwa mpaka shingoni, na ndani ya mtungi huo kuna kitu.

Tuliondoka alfajiri ya Ijumaa. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa, tukavuka kwa kivuko kama kawaida, tukashika njia ya Geita, Bwanga, Biharamulo na Lusahunga hadi Benaco, kisha Rusumo. Wenye pasi na wenye hati za dharura za kusafiria walipita bila shida, isipokuwa mwenzetu mmoja ambaye jina la kwenye hati lilipishana herufi moja na jina lililokuwa kwenye barua ya utambulisho ya chuo. Tulisimama karibu saa nzima kwa ajili ya herufi hiyo. Tafadhalini, orodha ya majina iandikwe kwa kunakili hati zenyewe, si kwa kumbukumbu ya kiongozi wa darasa.

Hapo Rusumo, Mto Kagera unapita chini ya daraja ukiwa na maji ya rangi ya matope, na ukivuka unahamia upande wa kulia wa barabara, kwa sababu Rwanda magari hupita kulia. Hili tulilijua kwenye vitabu, lakini hakuna aliyefikiri kwamba mlango wa basi letu, ulio ubavuni kushoto kama mabasi yote ya kwetu, kuanzia hapo ungefungukia katikati ya barabara. Mara ya kwanza tuliposimama kununua maji, msichana wa mbele alishuka moja kwa moja mbele ya pikipiki, na kilichomwokoa ni breki nzuri za mwenye pikipiki. Tangu hapo utingo ndiye aliyeshuka kwanza kila kituo, akanyoosha mkono kuzuia magari, ndipo tukashuka mmoja mmoja. Kama mtakodi basi la Tanzania, mpangieni mtu kazi hiyo kabla ya kuvuka.

Mwenzetu mwingine, mzaliwa wa Ngara, alisimama kwenye daraja muda mrefu kuliko sisi sote. Mama yake alikuwa msichana mdogo mwaka 1994, wakati karibu watu 250,000 walipovuka daraja hilo kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja hivi na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikawa mji kabla watu hawajapata maji. Hakutuhutubia. Alisema tu kwamba nyumbani kwao walikuwa wakipika sufuria zote walizokuwa nazo na bado chakula hakikutosha hata wale waliofika mlangoni.

Tulilala Kigali katika nyumba ya wageni ya kanisa, na asubuhi ya Jumamosi tukapata somo ambalo halikuwamo kwenye ratiba. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nchini Rwanda asubuhi ya siku hiyo ni ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, na kuanzia saa 2 hadi saa 5 maduka hufungwa na magari ya kawaida hayatembei. Sisi tulikuwa tumepanga kuondoka saa 2. Katibu wa msafara, yaani mimi, hakuwa ametazama kalenda. Mlinzi wa nyumba ya wageni alitucheka kwa upole, akatuonyesha majirani waliokuwa wakizibua mtaro wa maji ya mvua, na mwalimu akasema kwamba mwenye mikono miwili hana sababu ya kukaa kitandani. Tulichimba mtaro ule hadi saa 5, na wanafunzi wetu wawili wanaoogopa jembe nyumbani walipigwa picha nyingi kuliko walizopigwa ziwani.

Karongi tulifika jioni. Mji huu, ambao wengi bado wanauita Kibuye, umekaa juu ya rasi na vilima vinavyoingia ziwani kama vidole, na maji yanajipenyeza katikati ya vidole hivyo hata ukashindwa kujua ni ghuba au ni kisiwa. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jioni kuna baridi ya kutafuta sweta. Jua linazama upande wa Kongo, nyuma ya Kisiwa cha Idjwi, na kwa muda wa kama robo saa maji hayana rangi moja. Picha za wakati huo mmeziona, sina la kuongeza.

La kuongeza ni la kesho yake asubuhi, mezani, wakati wa chai. Mwalimu aliomba glasi tupu inayoonyesha ndani, chumvi, chai ya rangi iliyokuwa bado ya moto, na maji baridi. Akakoroga vijiko vingi vya chumvi kwenye chai, akaimimina nusu glasi, kisha akaweka mgongo wa kijiko juu yake na kumwaga maji baridi polepole sana. Sote tulikuwa na hakika kwamba chai ya moto itapanda, kwa kuwa tangu darasa la tano tumefundishwa kuwa maji ya moto huwa mepesi. Haikupanda. Ilibaki chini, nyekundu, na maji meupe yakalala juu yake kama kifuniko, na mstari wa katikati ulionekana wazi hata kwa waliokaa meza ya pili. "Hilo ndilo Kivu," akasema, akaendelea kunywa chai yake nyingine.

Maelezo yake, kwa kadiri nilivyoyaelewa, ni haya. Chini ya Kivu kuna chemchemi zinazoingiza maji ya vuguvugu yenye chumvichumvi nyingi na hewa ya kabonidayoksaidi kutoka kwenye miamba ya volkano. Maji hayo ni mazito, kwa hiyo yanakaa chini ingawa yana joto zaidi kidogo kuliko ya juu, na hayachanganyiki na ya juu mwaka hata mwaka. Oksijeni inaishia kwenye mita 60 hivi za juu. Chini ya hapo hakuna samaki. Viumbe wadogo wasiohitaji oksijeni wanatengeneza methani huko chini, na uzito wa maji yaliyo juu unaizuia isitoke, kama kizibo kinavyozuia gesi ya soda. Inakadiriwa kwamba kilindini kuna kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani, kama zingetolewa na kupimwa juu ya ardhi. Ukiwa umekaa kwenye mtumbwi unatazama ndege, hayo yote yako chini ya miguu yako, na maji yametulia kama mafuta.

Sababu ya kulijali jambo hili si nadharia. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kamerun, ambalo ni dogo sana ukilinganisha na Kivu, lilitoa hewa yake usiku kwa ghafla na kuua watu wapatao 1,700 waliokuwa wamelala. Kuzunguka Kivu wanaishi zaidi ya watu milioni 2.

Mchana tulipanda boti mbili, tukazunguka kisiwa ambacho wenyeji wanakiita Napoleon kwa kuwa umbo lake linafanana na kofia ya mfalme huyo wa Ufaransa, na mwongozaji alipopiga makofi maelfu ya popo wakaruka kutoka mitini. Wanafunzi walifurahi, mimi sikupenda kuwaona wanyama waliolala wakiamshwa kwa ajili yetu, na nilimwambia hivyo. Tulitaka pia kusogea karibu na mtambo wa gesi unaoelea ziwani, lakini tulikuwa hatujaomba kibali mapema, na mtu wa boti akakataa kuvuka umbali aliowekewa. Tuliutazama kwa mbali. Mtambo huo, unaoitwa KivuWatt, una uwezo wa megawati 26 hivi. Bomba linashushwa zaidi ya mita 300, maji ya chini yanapanda, mgandamizo unapungua na gesi inajitenga yenyewe kwa mapovu. Methani inasafishwa na kupelekwa nchi kavu kuzalisha umeme, na maji yaliyobaki yanarudishwa kilindini, si juu, ili yale matabaka ya kwenye glasi yasivurugike. Ndugu zangu, andikeni barua ya kibali miezi miwili kabla. Hilo ndilo kosa langu kubwa la safari nzima, na halikusababishwa na mtu mwingine.

Usiku huo ndio uliofidia. Wavuvi wa Kivu hutumia mitumbwi mitatu iliyounganishwa ubavu kwa ubavu kwa magogo, ikiwa na miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama papasi za mdudu, na wavu unateremshwa kati ya mitumbwi hiyo. Tulikodi boti kwa saa tatu kuwafuata kwa umbali usiowasumbua. Walipokuwa wakitoka ghubani walikuwa wakiimba: mmoja anaanza, wengine wanapokea, na kila pokeo linaangukia kwenye kasia, kiasi kwamba mtumbwi ulikuwa ukivuta maji kwa mdundo wa wimbo. Halafu taa ziliwashwa, na kuimba kukakoma. Tulizima injini. Kwa zaidi ya nusu saa hapakuwa na sauti isipokuwa maji kwenye ubavu wa boti na mtu mmoja akikohoa huko gizani. Wanafunzi 38 wakakaa kimya bila kuambiwa. Mimi nimekuwa kiongozi wao miaka miwili na sijawahi kuona jambo hilo.

Wavu ulipopandishwa, tulisogezwa karibu. Samaki walikuwa wadogo, wa urefu wa kidole, weupe wa kumetameta. Wenyeji wanawaita isambaza, na upande wa Kongo wanasema sambaza. Kijana wetu wa Kigoma alimchukua mmoja, akamgeuza kwenye mwanga wa taa, akasema kwa sauti: "Huyu ni lumbu!" Na ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, samaki hao waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika kwa sababu maji ya juu ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Lumbu alistawi, na leo ndiye anayeshikilia uvuvi wa ziwa zima. Tulisafiri nchi mbili kwenda kumwona samaki wa kwetu.

Mtaniruhusu niishie hapa kwa leo. Sehemu ya Rubavu nitaiweka baada ya kusikia maswali yenu.

*

Mzazi wa Mwanafunzi: Nimesoma kwa makini, na ninashukuru kwa ukweli wako kuhusu makosa. Hata hivyo, nina swali ambalo wazazi wengi wanalo ingawa wanaona aibu kuliuliza. Tanzania ina Ziwa Tanganyika lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, ina Ngosi kule Rungwe na Chala kule Rombo. Kwa nini mtoto achangishwe fedha za kwenda nje ya nchi kutazama maji?

Katibu wa Msafara: Shikamoo mzazi. Swali lako ni halali, na sisi wenyewe tulilijadili. Ngosi ni ziwa zuri la kreta, na Rungwe ina somo lake la gesi, kwani pale Kyejo kabonidayoksaidi inatoka ardhini na huchimbwa kwa matumizi ya viwandani. Tanganyika nalo halichanganyiki mpaka chini. Lakini ziwa lililohifadhi gesi nyingi kiasi hiki, ambalo juu yake watu wanavua, wanazalisha umeme na wanaishi kwa wingi mkubwa, liko moja, nalo liko Rwanda na Kongo. Kama somo ni kuona mandhari, ninakubaliana nawe kabisa: twende Kasanga au Ujiji, na fedha itakayobaki inunue vitabu. Kama somo ni lile la kwenye glasi ya chai, ilibidi tuvuke mpaka. Na kwa Mwanza, Karongi si mbali kuliko Tukuyu.

Mwana wa Kibirizi: Huyo kijana wa Kigoma hakukosea hata kidogo. Kwetu Kibirizi, Kigoma, dagaa ni dagaa na lumbu ni lumbu, na anayewachanganya anajulikana mara moja kuwa amekuja na treni. Naongeza jambo ambalo Katibu amelipita. Maji ya Kivu yanatoka kwa Mto Ruzizi na kuingia Tanganyika upande wa kaskazini, yakishuka karibu mita 700 katika mwendo wa kilomita kama 120. Zamani sana Kivu lilikuwa likimwaga maji yake kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Mto Nile, mpaka milima ya volkano ya Virunga ilipoinuka na kuziba njia. Maji yakajaa, yakatafuta kusini, yakaja kwetu. Kwa hiyo ninaponawa mikono hapa Kibirizi, yamo maji ya Karongi, na kutoka kwetu yanaendelea kwa Mto Lukuga hadi Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Swali langu: mlikwenda wakati gani wa mwezi? Kwa sababu wakati wa mbalamwezi sisi hatuvui, taa haivuti samaki.

Katibu wa Msafara: Ahsante kaka kwa maelezo ya Ruzizi, ningeyaandika vibaya. Kuhusu mwezi, hatukujua. Ilikuwa bahati tu kwamba tulifika wakati wa giza, na mwenye boti alituambia kuwa tungekuja juma moja na nusu baadaye tungekuta mitumbwi imefungwa ufukweni. Wengine wanaopanga safari wazingatie pia kwamba mamlaka za Rwanda husimamisha uvuvi kwa muda ili samaki wazaliane. Ulizeni kabla ya kulipa.

Sasa Rubavu.

Kutoka Karongi tulipita barabara ya lami inayofuata ziwa kuelekea kaskazini, yenye kona nyingi kiasi kwamba mifuko ya kutapikia iliisha kabla ya saa sita. Kabla ya kuondoka tulitembelea kanisa la kilimani na kumbukumbu iliyo kando yake, ambapo maelfu ya watu waliokimbilia usalama waliuawa mwezi Aprili 1994. Kutoka mlangoni unaliona ziwa lote. Tulikubaliana tangu usiku kwamba hakuna atakayetoa simu mfukoni, na hakuna aliyetoa. Milimani juu ya Karongi iko Bisesero, ambako watu walipigana kwa mawe na mikuki kwa majuma kadhaa dhidi ya wauaji wao, na ambayo mwaka 2023 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na kumbukumbu nyingine tatu za Rwanda. Hatukufika huko kwa kukosa muda, nami ninashauri wengine wafike, hata kama itabidi waache popo.

Rubavu, au Gisenyi, ni mji wa ufukwe wa mchanga na majumba ya zamani, uliopakana na Goma kiasi kwamba mtaa mmoja unaweza kuwa nchi mbili. Barua ya chuo ilitukataza kuvuka, nasi tuliitii. Huku Kiswahili kilitusaidia kuliko mahali pengine popote. Ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini Karongi wazee wengi walitujibu kwa tabasamu tu, ilhali sokoni Rubavu akina mama walituhoji kwa Kiswahili cha Kongo, wakataka kujua kwa nini tunasema "samahani" kila baada ya neno.

Jioni anga lilipokuwa safi tuliona juu ya Nyiragongo wekundu hafifu kwenye mawingu. Volkano hiyo ilimwaga tope la moto tarehe 17 Januari 2002, likapita katikati ya Goma na kuingia ziwani, na wataalamu wakashika roho zao wakihofia gesi. Tabaka la chini halikuguswa. Ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta za nyumba hata Rubavu. Mwenye nyumba tuliyofikia alituonyesha ufa mmoja ukutani, umezibwa kwa saruji lakini haujapakwa rangi. Alisema anaacha hivyo kwa makusudi ili auone kama utapanuka.

Neno moja lilinigusa sana, nalo ni mazuku. Katika mabonde na mashimo ya kando ya ziwa upande huo wa kaskazini, kabonidayoksaidi inatoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inatuama mahali pa chini kama maji yasiyoonekana. Mbuzi anayeshuka kunywa hafi kwa ugonjwa. Anakosa hewa tu, na mtoto anayemfuata vilevile. Wenyeji wanaziita sehemu hizo mazuku, na wanajiolojia wa dunia nzima wanaliandika neno hilo hivyohivyo katika makala zao. Ukilitamka unalikumbuka neno "mzuka", ingawa siwezi kudai kwamba yametoka shina moja. Mwongozaji wetu alitukataza kukaa kwenye mashimo au kulala ufukweni asubuhi kusikokuwa na upepo, na alitaka tumrudie kwa maneno yetu wenyewe ndipo aamini kwamba tumesikia.

Mwalimu wa Sekondari, Bukoba: Ninapanga kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha sita, idadi 25. Naomba maelezo kuhusu usalama majini, na kama kweli wanaweza kuogelea.

Katibu wa Msafara: Mwalimu, Kivu halina mamba wala viboko, na hilo huwafanya watu wajisahau. Ufuo unaweza kushuka ghafla: hatua tatu maji ya kiuno, hatua ya nne hakuna chini. Sisi tuliruhusu kuogelea mahali palipotengwa tu, wawiliwawili, mwalimu akiwa amesimama nchi kavu na orodha. Majaketi okozi yahesabuni wenyewe kabla ya kupanda boti. Tuliahidiwa 40, tukakuta 31, na baadhi yalikuwa na mikanda iliyokatika, kwa hiyo tulilazimisha safari mbili ingawa mwenye boti alinung'unika kuhusu mafuta. Mchango wa kila mwanafunzi uwekeeni akiba ya dharura. Yetu ilikwisha siku ya tatu, kwa sababu ya safari hiyo ya pili ya boti na dawa za kichefuchefu.

Jambo jingine ni saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu nyingi zilijirekebisha zenyewe mpakani, lakini saa za mkononi hazikufanya hivyo, na mwalimu wetu wa pili ni mtu wa saa ya mkononi. Alifika ufukweni saa nzima kabla ya boti, pamoja na wanafunzi 11 waliomwamini, wakakaa kwenye baridi wakitulaani sisi wachelewaji. Tangazeni "saa ya Rwanda" au "saa ya Tanzania" kila mnapotaja muda, hata kama mnaonekana wajinga.

Mwana wa Kibirizi: Umesahau la maana. Sambaza mlikula?

Katibu wa Msafara: Tulikula mpaka aibu. Wanakaangwa wakavu kwenye mafuta mengi, wanaletwa kwenye sahani yenye ndimu na pilipili, na unamla mzima kuanzia kichwa, bila kutafuta mfupa. Yule kijana wa Kigoma alisema wa kwao ni watamu zaidi, kisha akaagiza sahani ya tatu.

Mwana wa Kibirizi: Mlete Kigoma tumfundishe upya.

Mzazi wa Mwanafunzi: Nimeelewa jibu lako la mwanzo, na kijana wangu nitamlipia mwakani. Je, tarehe zimepangwa?

Katibu wa Msafara: Zimepangwa, mzazi, na safari hii kalenda imetazamwa na watu watatu. Tumechagua juma la giza ili wavuvi wawe ziwani, na barua ya kuomba kibali cha mtambo wa gesi ilitumwa wiki iliyopita. Kwa bahati juma hilo lina Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa hiyo asubuhi hiyo tutakuwa tumeshalala Karongi na hatutasafiri kwenda popote. Mwambie kijana abebe glavu za kushikia jembe.